Neno Lililofukuzwa Botini

Siku kaka yangu alipoanza kukosekana, ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya karai, na mara ya mwisho katika simulizi hii mliniacha gatini nimeshika kamba ya kufungia boti. Boti ilikuwa inaingia. Alfajiri ilitoka na watu watatu. Nilikuwa nahesabu vichwa kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nilipata viwili.

Mara ya pili pia nilipata viwili.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: kaka yangu ndiye nahodha wa boti ya wageni katika hifadhi hii ya ziwani. Wapo wageni wanaokuja kutazama tembo wakinywa maji na viboko wakipiga miayo. Wapo wanaokuja na fimbo kuvua sangara, kwa ruhusa, mmoja mmoja. Wavu ni marufuku. Mimi natunza stoo ya vifaa pale gatini: majaketi okozi, mishipi, chambo, na kulabu, zile ndoana kubwa za mpini za kuopolea samaki. Alfajiri ile nilimpa kaka jaketi lake, akalivaa akafunga vifungo, akasema, "Mwambie wifi yako ateleke sufuria kubwa."

Mbele ya boti alisimama Mteja. Jina hilo alijipa mwenyewe, tangu alipoanza kuja kuvua kwetu. "Mteja ni mfalme, sivyo?" Suruali yake ya kaki ilikuwa na damu mpaka magotini.

Nyuma, kwenye injini, alikaa Kidole. Tulimwita hivyo kwa kile asichokuwa nacho, kama mnene anavyoitwa Kijiti. Uso wake ulikuwa umepasuka juu ya jicho na mdomo umevimba kama andazi.

"Mamba!" Mteja alipiga kelele kabla boti haijagusa mataili ya gati. "Mamba kamchukua nahodha wenu! Nimejitahidi, Mungu ndiye shahidi!"

Nilimgeukia Kidole.

"Kaka yuko wapi?"

Kidole akatazama maji.

"Nakuuliza wewe! Umetoka na mtu wangu, umemweka wapi?"

"Dada..."

Nikaokota kasia lililolala gatini nikampiga nalo begani. Nikampiga tena. Hakuinua mkono kujikinga. Mteja alikuwa karibu yangu zaidi, lakini sikumpiga yeye. Nilimpiga Kidole, kwa sababu Kidole alikuwa wetu.

Aliyeninyang'anya kasia ni Mkuu wa doria, aliyekuja mbio mkanda haujafungwa. Ni mtu mwema yule mzee. Wema wake ndio uliotuponza, kama mtakavyoona sasa hivi.

"Taratibu, binti. Bwana, eleza."

Mteja akaeleza, na alieleza vizuri kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima. Rafadha ya injini ilinasa majani, alisema. Nahodha akajifunga kamba kiunoni akashuka kuyatoa. Mamba akamdaka paja.

"Akawa anapiga kelele, 'Kata! Kata kamba, tusife wote!' Nikakata. Ningefanyaje? Semeni nyinyi, ningefanyaje?"

Askari mmoja akavua kofia.

Mimi nikaganda. Hakuwa mamba aliyenigandisha. Lilikuwa neno.

Tegeni sikio hapa. Katika boti ya kaka yangu, neno "kata" halitamkwi. Zamani lilikuwa na kazi nyingi kuliko punda. Kuzima injini, kata moto. Kugeuka, kata kona. Samaki akikuzidi nguvu, kata mshipi. Siku moja Kidole alikuwa ameinama nyuma anatoa majani kwenye rafadha, yale mapanga ya chuma yanayozunguka majini, na injini haijazimwa. Kaka akapiga kelele, "Kata!" Aliyeshika usukani akasikia kata kona. Akaongeza mafuta, akageuza boti.

Hivyo ndivyo Kidole alivyopata jina.

Tangu siku hiyo kaka alilifukuza neno lile. Kuzima ni "zima". Kugeuka ni "pinda". Kamba ni "achia". Hata nyumbani kwake mkate humegwa, na wifi yangu akijisahau akasema amkatie kipande, kaka huondoka mezani. Tulikuwa tunamcheka. "Nahodha, nywele zako zimekuwa ndefu," Kidole alizoea kumtania. "Nenda kwa kinyozi akazi... akazifanyaje vile?"

"Huyu ni muongo," nilisema, kidole changu kwenye pua ya Mteja. "Kaka yangu hawezi kusema kata."

Mkuu wa doria alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mtu yuko mdomoni mwa mamba. Unataka achague maneno kama mtangazaji wa redio?"

Watu wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachotokea puani.

Jibu lake lilikuwa zuri.

Na hatari ilikuwa hapo. Askari wa doria wana kanuni yao: aliyezama hutafutwa mtu, aliyeliwa hutafutwa mamba. Kama kaka yangu alikuwa hai mahali fulani kwenye matete ya ziwa, hakuna aliyekuwa anakwenda kumtafuta. Walikuwa wanakwenda na bunduki, kupiga chochote kitakachotikisa majani.

"Nitawaonyesha mahali," Mteja alisema, tayari anaingia kwenye boti ya doria. "Ndani kabisa ya Ghuba ya Mazalia. Na huyu kijana wa injini mpelekeni karakana akapumzike. Dereva wangu atamwangalia. Amepata mshtuko."

Ghuba ya Mazalia ni mahali samaki wanapotagia. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kuvua mle. Kwa nini boti ilikuwa huko? Niligeuka kumuuliza Kidole, nikaona mgongo wake tu. Dereva wa Mteja, mtu mwenye mabega kama mlango, alikuwa amemkumbatia shingoni anampeleka karakana kama rafiki.

Wifi yangu alifika kutoka kufua shuka za wageni, povu la sabuni limejaa mikononi.

"Wifi, wanasema nini hawa?"

"Wanasema mamba."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema bado. Usilie kwanza, wifi. Bado."

Boti ya doria ikaondoka, askari wawili na Mteja. Nami nikaelekea karakana.

Mlango ulifungwa kwa ndani. Nikasikia maji yakimwagika, kisha sauti ya mtu akikohoa kama anayetapika mapafu.

"Sema mamba."

Kikohozi.

"Sema, 'Nilimwona mamba kwa macho yangu.'"

"Nili..."

Maji tena.

Nikazunguka nyuma, nikapita kwenye dirisha lisilo na kioo. Kule ndani kuna pipa la maji la kujaribia injini: injini hufungwa ukingoni, rafadha ikawa ndani ya maji, ikawashwa hapo hapo bila kwenda ziwani. Dereva alikuwa amemshika Kidole nywele, anamzamisha uso ndani ya pipa lile, kando ya injini iliyokuwa imefungwa.

Juu ya meza palikuwa na rafadha mbovu. Niliiinua kwa mikono miwili nikampiga nayo nyuma ya sikio.

Mtu mwingine angelala. Yule aligeuka.

"Ah," alisema, anajipapasa damu. "Kumbe una hamu ya kumfuata kaka yako."

Akanidaka koo kwa mkono mmoja. Miguu yangu ikaacha sakafu. Nilimparua macho, nikamuuma kidole gumba mpaka nikasikia mfupa, na bado hakuachia. Karakana ikaanza kuwa nyeusi pembeni.

Kidole, maji yanamtoka puani, alimrukia miguuni. Yule mtu akayumba, akaniangusha, akatafuta mahali pa kujishikilia. Mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye pipa mpaka kiwikoni.

Kidole akavuta kamba ya injini.

Injini ikanguruma. Shati la dereva likanaswa likavutwa chini, na maji ya pipa yakaruka mekundu mpaka ukutani. Sijawahi kusikia mwanamume akilia vile.

"Kata!" alipiga mayowe. "Kata! Kata!"

Na injini ikazimika.

Nilimtazama Kidole. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi, naye alikuwa anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Dereva alianguka chini ya pipa akikumbatia kilichobaki cha kiganja chake, akazimia.

"Kwa nini umezima?" nilifoka. "Angetuua huyu!"

"Sikuzima mimi, dada. Mkono umezima." Akautoa kwenye swichi kwa mkono wa pili. "Nikilisikia neno hilo, kichwa hakiulizwi. Mkono unazima injini. Tangu siku ile. Na ndilo lililomwokoa Nahodha asubuhi."

"Lililofanya nini?"

"Lililomwokoa."

Nikamshika kola. "Kidole. Kaka yuko hai?"

"Hakukuwa na mamba, dada. Kulikuwa na wavu."

Akanieleza haraka haraka, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza. Mteja ndiye aliyetaka waingie ghubani, akasema anataka kupiga picha furukombe, yule tai mla samaki. Wakakuta wavu umefunga ghuba nzima, toka matete mpaka matete; wavu wa Mteja mwenyewe, aliokuja kuukagua. Kaka akafunga kamba ya wavu kwenye boti akaanza kuuvuta. Ndani yake mlikuwa na sangara wadogo wengi wasiofaa hata kuliwa. Mlikuwa na ndama wa kiboko, amezama, bado ana joto.

Mteja akasema, "Nahodha, acha. Hujaona kitu."

Kaka akasema, "Nimemwona ndama huyu, bwana. Sasa naanza kuona na mengine."

Mteja alichukua kulabu akampiga nayo chini ya kwapa. Akaivuta, kama unavyomvuta samaki. Kaka akaanguka juu ya wavu, mkono umenasa kwenye kamba.

"Akanitolea bastola, akanitupia kisu," Kidole alisema. "'Kata!' Alitaka nikate kamba, wavu uzame na mtu wake ndani. Ana mawe ya kuuzamishia, ule wavu. Lakini mimi nikazima injini. Akadhani nambishia. Akanipiga bastola usoni mpaka sikuona. Alipochoka akaenda kukata kamba mwenyewe, lakini muda ule wote, dada, muda ule wote alionipiga, Nahodha alikuwa anajinasua."

"Ulimwona?"

"Macho yaliporudi niliona jaketi likielea. Mteja akacheka, akasema mamba wamemsaidia kazi. Lakini vifungo vilikuwa vimefunguliwa. Mamba hafungui vifungo."

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka kasia.

"Kwa nini hukusema pale gatini? Nimekupiga kama mwizi!"

"Ningesema yuko hai mbele ya Mteja, angerudi kummaliza." Akafuta damu mdomoni. "Nikasema acha nipigwe. Mkono wenyewe mzito, Mungu wangu. Atakayekuoa alipie bima kwanza."

Tulimkuta Mkuu wa doria ofisini kwake anakunywa maji. Nilisema yote kwa pumzi moja. Akatazama uso wa Kidole, akatazama alama za vidole shingoni kwangu.

"Mungu wangu. Nimempa mtu huyo boti. Nimempa na askari."

Kabla sijamshika mkono alikuwa ameshika redio.

"Doria, doria! Msipige risasi! Narudia, msipige! Nahodha yuko hai, yuko kwenye matete! Mshikeni huyo mgeni!"

Redio ikakwaruza. Tulisubiri sauti ya askari.

"Nimekusikia, Mkuu," alijibu Mteja, kwa upole. "Askari wako wameinama nyuma, rafadha imenasa. Nitawaambia."

Redio ikazimwa upande wa pili.

Kidole alikuwa ameshatoka mlangoni. Nilipita stoo nikabeba kulabu, nikamkuta kwenye boti ya kaka anavuta kamba ya injini. Mkuu wa doria alikuwa anakuja nyuma yetu anahema, "Ngojeni! Ngojeni nilete silaha!" Hatukungoja. Boti ilinyanyua pua, gati likabaki nyuma, na sauti ya mzee ikamezwa na injini.

Tulipita ufuko wa tembo. Gari la watalii lilikuwa limeegeshwa pale, na mama mmoja mwenye kofia kubwa alitupungia mkono kwa furaha. Nilimpungia pia. Hata leo sijui kwa nini.

"Ghubani ukisimama usiegemee ukingo," Kidole alinipigia kelele. "Yupo mama wa yule ndama. Amekasirika tangu asubuhi."

"Na wewe huogopi?"

"Naogopa! Lakini umeshika kulabu, naogopa wewe zaidi."

Ghuba ikafunguka mbele yetu. Boti ya doria ilikuwa katikati, haiendi mbele wala nyuma. Wavu wa Mteja ulikuwa umeinasa rafadha ya boti aliyopanda Mteja mwenyewe. Askari mmoja, amenyang'anywa silaha, alikuwa ameinama nyuma, mikono majini anatoa wavu. Wa pili alikuwa amelala sakafuni, kofia kando, na hakuwa analala usingizi. Bunduki yake ilikuwa mikononi mwa Mteja.

Mteja alikuwa amesimama mbele, mgongo kwetu, analenga matete. Nikafuata mtutu kwa macho.

Matete yalitikisika. Ukatoka mkono. Ukafuata uso uliopakwa tope, na mimi nisingeujua uso ule kama si meno. Kaka yangu alisikia injini yake mwenyewe akadhani tumekuja kumchukua. Alikuwa anacheka.

"Lala!" nilipiga ukelele. "Kaka, lala!"

Kidole hakupiga kelele. Aliongeza mafuta mpaka mwisho, akaelekeza pua ya boti ubavuni mwa boti ya doria.

Mteja aligeuka. Risasi ya kwanza alituelekezea sisi. Nilisikia kitu kikipita juu ya kichwa changu kama nyuki. Ya pili sikuisikia inakopita. Boti haikuyumba hata kidogo; ilikwenda vilevile, imenyooka, mpaka tukagonga.

Mbao zilipasuka. Mteja alirushwa juu akaangukia majini na bunduki yake. Mimi niliangukia kifua, meno yakauma ulimi. Na kabla sijainuka, maji kati ya boti zile mbili yakafunguka, akatoka yule mama wa ndama.

Kiboko ukimwona kutoka ufukoni ni mnyama wa kuchekesha. Usimwone kwa karibu namna ile. Alifungua kinywa akauma ukingo wa boti ya doria, pamoja na askari aliyekuwa ameinama pale nyuma. Alimnyanyua mtu mzima mwenye viatu na mkanda, akamtikisa mara moja, akamwachia. Mguu wa askari ulielekea upande usiokuwa wake. Nikamtupia kulabu, ikashika mkanda, nikamvuta kwetu yeye akilia, mimi nikilia, wakati mnyama akirudi kuimaliza boti tupu. Yule askari aliyelala sakafuni, alizama nayo. Hatukumpata.

"Kaka!" niliita. "Kaka, njoo!"

Alikuja anaogelea kwa mkono mmoja. Nilimshika nywele, shati, chochote. Alipoingia alinuka tope na damu, na chini ya kwapa palikuwa na tundu ninaloweza kuingiza ngumi. Tulikumbatiana sakafuni, askari anaguna pembeni yetu.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilijua kwa kelele."

Ukingoni mwa matete nilimwona Mteja akitambaa kutoka majini, akasimama, bunduki bado mkononi. Akatutazama. Akaingia ndani ya majani, matete yakajifunga nyuma yake.

"Kidole, ondoka!" kaka alisema. "Tutoe hapa!"

Boti ikapinda, ikaondoka. Tulitoka ghubani, tukafika maji wazi, na hapo injini ikaanza kupungua yenyewe, polepole, kama mtu anayesinzia.

"Kidole?"

Alikuwa ameketi wima, mkono kwenye usukani. Shati lake la bluu lilikuwa jeusi toka kifuani mpaka mapajani. Ile risasi ya pili. Alitugongesha nayo, alinisubiri nimtoe askari, alimsubiri kaka aogelee, akapinda boti, akatutoa, nayo imo kifuani.

"Nahodha," alisema. "Umechelewa chai."

"Usiongee, mdogo wangu. Usiongee."

"Dada." Nikasogea mpaka puani kwake. "Lile kasia..."

"Nisamehe, Kidole. Nisamehe, sikujua!"

"Hapana. Nasema lile kasia lina ufa. Usimpe mgeni."

Akajaribu kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Kaka alimshika mkono, ule wa vidole vinne, na alikuwa bado ameushika wakati mimi nimeshajua.

Nilichukua usukani nikawaleta gatini, askari akabebwa na wenzake.

Wifi yangu alikuwa amekaa mwisho wa gati, miguu inaning'inia majini, peke yake. Alipomwona mumewe hakupiga vigelegele wala hakulia. Alirarua shuka la wageni kwa meno, akaanza kumfunga kidonda. Kisha akamwona Kidole, akamtandika lililobaki.

Mkuu wa doria alisimama mbele yetu, redio mkononi, machozi yanamtiririka. "Ni mimi," alikuwa anasema. "Ni mdomo wangu huu." Hakuna aliyembishia.

Baadaye alijikaza akatoa amri. Polisi wa mjini wamekwishaitwa, watafika asubuhi. Lango la hifadhi limefungwa. Mpaka wafike, mtu yeyote asiingie Ghuba ya Mazalia.

"Na dereva wake?" kaka aliuliza.

Tukakimbilia karakana. Damu ilitoka kwenye pipa, ikapita mlangoni, ikaishia pale gari la Mteja lilipokuwa limeegeshwa. Gari halikuwepo. Lilitoka kabla lango halijafungwa.

Nyuma ya matete ya ghuba ile, upande wa pili wa mlima unaoizunguka, ipo barabara ya magari ya kuni. Mtu mwenye afya anaifikia kwa miguu kabla hakujapambazuka, na gari linaweza kumngojea pale. Hilo kaka alilijua, na wifi alilijua, na mimi.

"Usiende," wifi alimwambia. "Nimekupata sasa hivi. Hata sijamaliza kukufunga."

"Maliza kunifunga," kaka akasema.

Akamaliza. Alikaza fundo mpaka kaka akafumba macho, akajipaka maji usoni, akaingia ndani bila kutuaga.

Kidole hakuwa na ndugu hapa. Mama yake yuko mbali, na simu yake haipokelewi. Tumemlaza stoo kwangu, kati ya majaketi, kwa kuwa ndipo penye baridi, na Mkuu wa doria amekaa naye.

Jua limegusa maji. Kaka yuko mbele ya boti, bunduki ya Mkuu mapajani, mkono wa kushoto hauinuki. Hawezi kuvuta kamba ya injini.

Injini naishika mimi.